Kilo Ngapi?

Kilo moja ya korosho haionekani kwenye gunia. Nawaambia mnaokaa mbali na huku kwetu kusini: gunia la juti likijazwa korosho ghafi mpaka shingoni, likashonwa kwa shazia na kamba ya katani, lina kilo 80 hivi. Ukichota kilo moja halinywei wala halilegei, na mwenyewe akilitwika begani hasikii tofauti yoyote. Najua kwa sababu nimewahi kuchota, tena bila kuingiza mkono. Nilichota kwa kalamu.

Misimu miwili nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima, wilaya ya Masasi. Chama sikitaji. Waliokuwepo wanakijua, na wasiokuwepo hakitawasaidia kitu.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Korosho ikitoka shambani mwezi wa kumi bado ina unyevunyevu, hata kama imeanikwa juani siku tatu. Ikikaa ghalani kungoja mnada hukauka zaidi na uzito hupungua. Huko kupungua tunakuita unyaufu, na ni kweli kupo, hakuna aliyekutunga. Ghala kuu wakipima mzigo wa chama wakaukuta umepungua, wanaokuja kuulizwa ni chama. Basi makarani wakajiwekea kinga. Gunia likisoma 81, unatoa moja ya gunia tupu, zinabaki 80, unaandika 79. Hiyo iliyopotea njiani ni ya unyaufu. Mama akiuliza unamwambia, "Unyaufu huo, mama," na neno lenyewe lina harufu ya ofisi, kwa hiyo anakunja stakabadhi yake, anaifunga kwenye pindo la kanga, anaondoka.

Sasa mwaka 2017 minada ilikwenda mbio. Mzigo ulikuwa haukai. Korosho ya siku sita ghalani hainyauki kilo nzima kwa gunia, hata ukiipepea. Kilo zile za unyaufu zikabaki. Na kwenye vitabu kitu kilichobaki lazima kipate mwenyewe.

Karani mwenzangu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, aliniita nyuma ya turubai akaniambia, "Mdogo wangu, zimebaki. Utazirudisha mtini?"

Tukacheka sote wawili. Kicheko kile nakikumbuka kuliko hesabu yenyewe.

Fungu langu lilikuwa magunia sita, kilo 480. Tukayaandika kwa jina la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi baiskeli mjini ambaye hana mkorosho hata wa kivuli. Msimu ule bei mnadani ilikuwa inagonga karibu shilingi 4,000 kwa kilo, bei ambayo wazee walisema hawajapata kuiona. Baada ya makato ya mjengeko wa bei, yaani ushuru na gharama zinazokatwa kabla mkulima hajalipwa, shemeji akapewa laki yake, mimi nikapata milioni moja na ushee. Nikaezeka nyumba, bati za geji 30. Mke wangu alizunguka nyumba ile mara tatu akiitazama juu. Padri wetu wa Kianglikana akaja akanyunyiza maji ya baraka kila chumba, tukala wali na kuku. Padri hakuwa na kosa. Aliulizwa kubariki nyumba, akabariki nyumba.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mliokuwepo mnakumbuka Oktoba 2018: wakulima wa Tandahimba na Newala wakazikataa bei za mnada, Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaanza kuingia vijijini kusomba mzigo. Na kabla ya kulipwa, uhakiki. Kila jina lionyeshe shamba lake. Waliokuwa wanasakwa ni kangomba, wale wanaopita mitaani na bakuli wakinunua korosho za watu wenye shida kwa bei ya kutupa. Lakini wavu ule haukuchagua samaki, na mimi nilikuwa nimeshaanza tena. Magunia mawili ya shemeji yalikuwa ghalani, jina limeandikwa kwa mwandiko wangu.

Usingizi ukahama. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na kwenye bati jipya mvua haikuachi ulale.

Hapo ndipo nilipokwenda Mtwara mjini.

Kulikuwa na hema kubwa limefungwa uwanjani, jenereta nyuma, maspika mbele, na mtumishi wa Mungu, mtabiri, ambaye sifa zake zilikuwa zimefika mpaka kwetu. Sikwenda kwa kudharau, nilikwenda kwa hofu, na mtu mwenye hofu ana heshima nyingi sana. Kabla ya kumwona mtumishi unapitia kwa binti mmoja mezani, unajaza karatasi: jina, kijiji, kazi, familia, tatizo. Kwenye tatizo niliandika "vita kazini, tumejenga nyumba, sina amani." Nikapewa namba 64.

Nilipofika mbele yake alinishika kichwa, akafumba macho, akasema, "Kuna nyumba. Naona nyumba mpya. Kuna mtu wa ukoo wenu, mwanamke, mtu mzima, nyumba ile inamuuma."

Magoti yaliniisha nguvu. Amejuaje nyumba? Ilinichukua wiki nzima kukumbuka ile karatasi ya binti mezani. Msinicheke. Mmepewa karatasi zenu na ninyi.

Mafuta chupa ndogo, elfu kumi. Sadaka ya kuvunja madhabahu ya ukoo, laki moja. Nimimine kizingitini siku saba. Sikuulizwa swali hata moja, na nakiri hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Nilirudi na basi la jioni nikalala fofofo mpaka Ndanda.

Mwanamke mtu mzima wa ukoo wetu anayekaa jirani ni mmoja tu: mama mdogo. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Siku ya tatu ya mafuta alipita asubuhi, kama kawaida yake, na kisahani cha mihogo ya kuchemsha kimefunikwa na kisahani kingine, bado kinatoa mvuke. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante mama, nikangoja apinde kona ya mgomba, nikawamwagia kuku. Kuku wakala wakaisha. Nikasimama pale nawatazama, nangoja nione kama watakufa.

Hawakufa. Kesho yake aliniuliza kama mihogo ilikuwa imeiva vizuri.

Watu husema mtumishi wa uongo hula hela za watu. Laki na elfu kumi yangu ilikwenda, sawa, lakini ningeweza kuipata tena kwa msimu mmoja. Yule mtu alichofanya ni kuchukua kosa langu mwenyewe, lenye mwandiko wangu, akalitwisha mama mdogo aliyekuwa anachemsha mihogo. Na mimi nikampokonya mtumishi uongo ule kabla hajamaliza kunyoosha mkono.

Siku ya sita nikaenda kwa Mwalimu.

Hakuwa mwalimu wa shule ya serikali. Alikuwa katekista, mwalimu wa dini wa mtaa wetu, tangu sijazaliwa, na alikuwa ameshastaafu, jicho moja limeshaingia ukungu. Nilimkuta chini ya mwembe anapukuchua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda."

Nikamweleza kwamba nimeshambuliwa. Aliendelea kupukuchua.

"Na nani?"

"Watu wa ukoo."

"Umejuaje?"

"Nimeambiwa."

"Na huyo aliyekuambia, yeye amejuaje?"

Nikanyamaza. Akapepeta ungo kidogo, maganda yakaruka. Akauliza, "Unaogopa nini hasa? Kitaje."

"Uhakiki."

"Mwenye korosho zake anaogopaje uhakiki?"

Basi ikanitoka yote. Nilieleza kwa kirefu sana, nikianza na unyaufu, sayansi yake, desturi ya makarani, yule mwenzangu alivyoniita nyuma ya turubai, ugumu wa maisha. Aliniacha nikamaliza. Kisha akauliza:

"Kilo ngapi?"

"Ni kidogo tu, Mwalimu, ukilinganisha na..."

"Sijauliza kama ni kidogo."

"Mia nne na themanini. Na msimu huu mia na sitini."

"Za nani?"

"Za chama."

"Chama hakina mikorosho."

Hapo akaweka ungo chini. Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Kama serikali isingetangaza uhakiki, leo ungekuwa umekaa hapa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini jicho lake zima lilikuwa linanitazama, nikasema hapana.

"Haya," akasema. "Na hilo nalo mpelekee Padri kwenye kitubio, lisibaki nyumbani."

Halafu mimi ndiye nikaanza kuuliza. Nikisema, nitafungwa? Akasema, sijui. Watu wa kijiji watanichukuliaje? Sijui. Mke wangu je? "Mke ni wako, wewe ndiye unayemjua." Mungu atanisamehe? Akajibu upesi, "Hilo najua. Ndiyo." Nikamuuliza kama inanipasa kurudisha mara nne, kama Zakayo. Alicheka mpaka akakohoa. "Unazo hizo mara nne? Anza na moja."

Mwisho akasema, "Ondoleo utapewa na Padri, ndiyo kazi yake. Mimi nakupa daftari. Kaandike majina."

Nimeishi na mazungumzo yale miaka mingi sasa, na kinachonirudia ni yale majibu ya "sijui". Mtumishi wa hema alijua kila kitu: alimjua adui yangu, aliujua ukoo wangu, aliijua kesho yangu na bei yake. Mwalimu, ambaye alinibatiza kwa maji ya kibuyu nilipougua nikiwa mchanga, kabla Padri hajafika, ambaye alimzika babu yangu, alikuwa na vitu viwili au vitatu tu alivyovijua, na hakuongeza. Nilipokuwa kijana niliona huo ni udhaifu wa kanisa letu. Tunasali misa ileile, zaburi zilezile, wazee walewale wa "sijui, tuombe", na ng'ambo ya barabara watu wanatabiriwa mpaka namba ya gari watakayonunua.

Kuna kisa katika 1 Wafalme 22 ambacho nadhani kila mtu anayetafuta mshauri angekisoma kabla hajapanga foleni. Mfalme Ahabu anataka kwenda vitani Ramoth-Gileadi. Anakusanya manabii kama mia nne, wote wanamwambia nenda, utashinda. Yehoshafati, mfalme wa Yuda aliyekuwa pamoja naye, anauliza, hakuna mwingine? Ahabu anajibu kwamba yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, ila anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Ninapopapenda ni pale mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya anapompa ushauri wa kirafiki njiani: wenzako wote wamesema mema, na wewe neno lako liwe kama lao. Yule mjumbe hakuwa mtu mbaya. Ndiye karani mwenzangu nyuma ya turubai. Na Mikaya anaishia gerezani kwa mkate kidogo na maji kidogo, na Biblia haituambii kama alitoka.

Paulo naye anamwandikia Timotheo juu ya watu watakaojipatia waalimu makundi makundi kwa kuwa wana "masikio ya utafiti". Nilipokuwa kwaya ya vijana nilifikiri tunasifiwa, kwamba tuna masikio ya kufanya utafiti, kama watu wa chuo cha Naliendele wanavyotafiti mikorosho. Padri mmoja akanieleza kwamba maana yake ni masikio yanayowasha, yanayotafuta wa kuyakuna. Basi mimi nilipanda basi mpaka Mtwara kwenda kukunwa, na kukunwa ni kutamu, sitakataa.

Sitaki mtu adhani nawasema watu wa mahema peke yao. Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako, na wengi tulitikisa vichwa, tukasema hao ni wale. Lakini kwetu Waanglikana pia nimeona harambee ambapo mtu anayejulikana kijiji kizima alivyopata hela zake anakaa kiti cha mbele, anatajwa mara mbili kwenye matangazo, na hakuna anayemuuliza kilo ngapi. Mimi mwenyewe mwaka ule wa bati nilitoa laki mbili za ukarabati wa paa la kanisa. Nikapigiwa vigelegele. Tafadhali msiende kulibomoa.

Na siamini kwamba kila cha zamani ni cha kweli kwa kuwa ni cha zamani. Misheni ya hapa ilianza 1876, Askofu Steere alipopita kutokea Lindi na kundi la watu waliookolewa utumwani, wakielekea Ziwa Nyasa, wakaishia hapa Masasi chini ya majabali yetu. Tangu hapo kanisa limebadilisha mengi, na baadhi ya waliokuja walikosea mengi juu yetu. Mwalimu alipenda kusimulia habari za Askofu Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, tangu 1926. Wamisionari wa mahali pengine walikuwa wanapiga jando marufuku. Yeye aliliingiza kanisani, likawa na sala na misa na mafundisho, na wazee wakabaki na nafasi yao. Mwalimu mwenyewe alipitia jando la namna hiyo. Alikuwa anasema ngoma zilibadilishwa, nyimbo zilibadilishwa, dawa zilibadilishwa, "lakini walituambia usiibe kama walivyoambiwa baba zetu, na fimbo ilikuwa ileile." Nilipokuwa mdogo nilisikia fimbo tu.

Turudi kwenye daftari.

Majina yalifika 140 na kidogo. Nilipoanza kuhesabu nikakwama: kilo zilizochukuliwa kwa kila gunia ziligawanywa mimi na mwenzangu, kwa hiyo nadaiwa nusu? Nikarudi kwa Mwalimu nikiwa na hesabu yangu nzuri. Akafikiri muda mrefu, nikafurahi, nikajua hapa atasema sijui. Akasema, "Kilo ya yule bibi haikukatwa katikati." Nikaondoka na hesabu imeongezeka maradufu. Zaidi ya milioni tatu. Sikuwa nazo, na mpaka leo naandika hivi sijazimaliza. Nilianza na wenye gunia moja moja na mbili mbili, wakulima wakubwa nikawaweka nyuma, nikawaambia. Wamebaki wanne.

Yale magunia mawili ya 2018 yalikuwa bado ghalani, yakaingia vitabuni kama ziada ya chama. Hayo yalikuwa mepesi. Kigumu kilikuwa kumwambia kiongozi wangu jina lile ni la nani. Alinisikiliza mlango umefungwa, akaniuliza nimemwambia nani mwingine, akaniambia kwa upole kabisa, "Usimwamshe aliyelala. Ukimwamsha utalala wewe." Msimu uliofuata nafasi ya ukarani akapewa mtu mwingine. Hakuna aliyenifunga. Hakuna pia aliyekuja kuniuliza chochote, na hilo lilinitia hofu ya namna nyingine, ambayo sina jina lake.

Malipo ya serikali yalichelewa, mnakumbuka. Fedha ya korosho zangu halali niliipata mwaka uliofuata, na ndiyo niliyoanza kugawa nyumba kwa nyumba.

Bibi mmoja, mwenye gunia moja, nilimpelekea shilingi 3,500. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Alizihesabu, akazikunja, akaniuliza, "Na ya mwaka wa nyuma yake?"

"Mwaka wa nyuma yake sikuwa mimi, bibi."

"Wote ndivyo mnavyosema." Akamwita mjukuu wake kutoka ndani aje anione. Sikujua kama ni kunionyesha mwizi au mwungwana, na sidhani kama yeye mwenyewe alikuwa ameamua.

Jirani yangu mmoja, mzee wa msikitini, alinikaribisha kwenye mkeka. Nilipoanza kueleza akainua mkono. "Nilijua," akasema. "Nina mizani ya kuning'iniza hapo ndani. Napima kabla sijaleta."

"Mbona hukusema, mzee wangu?"

"Ningesema wapi? Wewe ndiye uliyekuwa mizani."

Akaniambia kwamba katika Kurani kuna sura nzima, ya 83, inayobeba jina la watu wanaopunja vipimo. Nikamwambia kwetu Mithali 11 inaanza na mizani ya hadaa, kwamba ni chukizo kwa Bwana. Akatikisa kichwa, akasema basi wote wawili tulikuwa tumeshaambiwa. Hela alizipokea, kahawa akanipa.

Shemeji hakuzungumza nami mwaka mzima, kwa sababu jina lake lilizunguka kijiji na yeye alikuwa amepata laki moja tu. Ana haki. Mke wangu hakulia wala hakugomba. Alitoka nje akasimama palepale alipokuwa akisimama kutazama bati, akaangalia chini. Tulichukua muda mrefu, na hayo yaliyobaki ni yetu.

Mama mdogo nilimwambia habari ya mihogo. Ilikuwa ngumu kuliko zote 140. Akauliza, "Uliwapa kuku?" Nikasema ndiyo. Akaniambia tena, polepole, kama mtu anayejaribu kulimeza neno: "Kuku." Bado analeta mihogo. Siku hizi anakaa mpaka nimalize kula ndipo aondoke na visahani vyake.

Mwalimu amefariki. Tulimzika nyuma ya kanisa, kengele ikapigwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba. Baada ya hapo, sijui nani alianzisha, watu wakaanza kuja kwangu. Si wengi. Labda kwa sababu mtu ambaye aibu yake inajulikana haogopeshi. Sina mafunzo yoyote, mimi ni msoma masomo tu kanisani na mkulima wa ekari tatu.

Wiki tatu zilizopita alikuja kijana wa kwaya, mtunza hazina wao. Wanachangishana sare na nauli ya kwenda kuimba Mtandi, kwenye kanisa kuu la dayosisi yetu. Alikaa kwenye kigoda akizungusha simu mkononi, akaniambia anaomba nimwombee, ana roho ya kubeti inamsumbua.

Nitakuambieni ukweli wa moyo wangu wakati ule. Nilimpenda yule kijana na nilitaka anipende. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, na sala ya dakika tano ingetosha kumpeleka nyumbani akiwa mwepesi, akawaambie wenzake kwamba fulani ana upako. Nilishafumba macho. Mkono ulishainuka.

Nikaushusha. Nikamuuliza, "Shilingi ngapi?"

"Ah, ni kidogo tu, mjomba."

"Sijauliza kama ni kidogo."

Alinitazama kama nimempiga. Kisha akafungua simu, akaanza kupandisha meseji za miamala kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, midomo inacheza bila sauti, anajumlisha. Aliendelea hivyo muda mrefu. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo. Alipofika nusu hivi akasimama, akasema chaji inaisha, atakuja Jumapili baada ya misa na hesabu kamili.

Jumapili tatu zimepita. Kwaya imeimba bila yeye. Nasikia kuna hema jipya limefungwa karibu na stendi ya Masasi, na kwamba amewahi kuonekana huko. Juzi usiku nilimwandikia, neno moja tu, kwamba mwembe wangu una kivuli na nipo. Tiki mbili zimeingia. Hazijawa za bluu.